Mwalimu wa pili kati ya tisa

Wakuu, mwalimu bora wa hesabu tuliyewahi kumwona tulimkataa kabla ya chai ya saa nne, tukijua kabisa ni bora.

Nawasalimu, sasa nirudi nyuma. Haya sikusimuliwa. Kalamu ilikuwa mkononi mwangu.

Miaka ya sabini nilikuwa katibu wa kamati ya shule moja ya harambee, iliyojengwa kwa michango ya wazazi, upande wa Mweiga. Dada yangu Nyambura alikuwa Form Four, na darasa lao lilikuwa limekaa terms mbili bila mwalimu wa hesabu.

Tulitangaza, wakaja watu tisa.

Siku hizo kila shule ya harambee ilikuwa inatafuta. Ukimwambia mtu "tutakuandikia", kesho anafundisha shule ya jirani, Chaka. Unamchukua papo hapo ama unampoteza.

Mwenyekiti wetu, mzee Gathogo, alikuwa mnunuzi wa ng'ombe. Akatupa sheria ya sokoni: watatu wa kwanza ni wa kutazama tu. Kuanzia wa nne, chukua wa kwanza anayewashinda hao.

(Msicheke. Mjukuu wangu aliye university anasema kuna hesabu inayofanana na hiyo.)

Wa pili alikuwa kijana mwembamba, viatu vimejaa vumbi. Tukampa swali gumu la mtihani. Hakulijibu. Aliomba mwanafunzi, akaletwa Nyambura, akamuuliza vitu vidogo vidogo mpaka Nyambura akalimaliza mwenyewe. Alirudi darasani akitabasamu.

Nikanong'ona, "Mzee, huyu tusimwache."

"Katibu, ati ng'ombe wa pili na tayari umeshika kamba?"

"Lakini huyu si ng'ombe."

"Ndiyo maana ukimwacha hatakupiga teke."

Kamati ikaangua kicheko. Nikacheka pia, nikaandika: hapana.

Wa nne hadi wa nane, hakuna aliyemfikia. Tukabaki na wa tisa kwa sababu hakukuwa na wa kumi. Mtu mpole, aliyefundisha akiutazama ubao mpaka kengele.

Nyambura alianguka hesabu. Chuo cha nursing kikamkataa.

Nimewaza sana. Sheria ya mzee haikuwa ya kijinga. Ukikosa ng'ombe leo, soko litakuwepo wiki ijayo, hivyo unaweza kungoja. Darasa lile halikuwa na wiki ijayo. Kabla ya kuazima sheria ya mtu, uliza yeye akikosa hupoteza nini.

Nyinyi mngewaacha wangapi wapite? Semeni, nasoma majibu yenu yote.

Nyambura sasa ni nyanya. Krismasi iliyopita aliniuliza tena, "Kaka, yule mwalimu wa viatu vya vumbi, mbona hakurudi?"