Vijidudu vya Makopo ya Mama

Nikisema kwamba nilimchukia mdudu mdogo kuliko punje ya ufuta kupita nilivyowahi kumchukia binadamu yeyote, watu hucheka. Wacheke. Hawakuwa wakiuza chai Garsen mwaka ule mama yangu alipokuja kukaa kwangu na kunipangia makopo kumi na mawili.

Hoteli yangu iko hatua chache kutoka barabarani, pale mabasi ya Lamu na ya Malindi yanaposimama abiria washuke kunyoosha miguu. Ni chumba kimoja cha mabati, benchi nne, meko matatu ya makaa nyuma, na kibaraza cha mbele nilichokisakafia kwa mikono yangu mwenyewe. Kibaraza hicho ndicho mama alichokitwaa. Alisema hapo pana jua la asubuhi na pipa la maji liko karibu, akayapanga makopo yake ukutani: makopo ya maziwa ya unga, ya mafuta ya kupikia, hata moja la rangi, na baada ya wiki chache katika kila kopo pakawa na mche wa ndimu wenye urefu wa kidole. Hakuniuliza. Mama yangu haombi ruhusa kwa mtu aliyemzaa mwenyewe.

Miche ile ilitoka katika mbegu za mdimu wa nyumbani kwetu Ozi, mto unapokaribia bahari, na bila kuueleza mdimu huo hasira yangu haitaeleweka. Ulisimama nyuma ya jiko letu, kando ya mfereji wa shamba la mpunga. Ndimu zake zilikuwa ndogo, ganda jembamba, na ukizikamua maji yalikuchirizikia hadi kiwikoni. Nimekula samaki wa mto wenye ndimu zile tangu nilipoota meno. Kisha bahari ikaanza kupanda mto. Mto ukipungua nguvu, maji ya chumvi huingia na kupita midomo ya mifereji yetu, na mwaka mmoja yaliingia yakakaa. Mpunga ukageuka rangi ya majani makavu, migomba ikainama, mdimu ukapukutika. Ulizaa mara ya mwisho ndimu chache kama gololi, halafu ukafa umesimama. Mimi nilikuwa nimeshaolewa, nimeachika na kufungua hoteli Garsen. Habari hizo nilizisikia kwa simu. Mama alitoa mbegu katika zile gololi, akazifunga kwenye pindo la leso, akaja nazo. Mche mwingine wa mti ule haupo popote. Hayo makopo yakifa, mdimu wa nyumbani umekwisha. Nilijua hivyo tangu siku ya kwanza, na ndiyo maana nilinyamaza kibaraza changu kilipogeuzwa shamba.

Mwezi mmoja baadaye vikaja vijidudu.

Mama aliviita usubi, lakini usubi huuma, angalau una kazi. Hivi haviumi. Ni vyeusi, vina miguu mirefu, vinaruka kilegevu kama vimelewa, na vinapenda vitu viwili tu duniani: udongo mbichi na uso wa mtu. Vilitoka kwenye makopo asubuhi vikaingia hotelini kabla ya mteja wa kwanza. Vilikaa kwenye ukingo wa vikombe. Vilielea juu ya utando wa chai ya maziwa, na chai yangu mimi ni ya maziwa hasa, si yale maji yaliyoonyeshwa ng'ombe kwa mbali. Siku ya mnada wa mifugo, mzee mmoja Muorma aliyekuwa akinywa kwangu tangu nilipofungua alichungulia kikombe chake kwa muda, akakisukuma polepole katikati ya meza.

"Mama," aliniambia, "hii chai iko na dudu."

"Nitakubadilishia, mzee."

"Umebadilisha mara tatu. Dudu pia inabadilisha."

Wenzake wakacheka. Mnada uliofuata walikunywa chai ng'ambo ya barabara, kwa jirani yangu ambaye majani yake ya chai huchemshwa mpaka yaombe msamaha. Niliwaona wakipuliza vikombe vyao huko, nikahisi kichwa kinachemka pamoja na sufuria.

Nilipambana. Nilinunua dawa ya kupuliza, nikapuliza hadi mimi mwenyewe nikakohoa kutwa. Vijidudu vikalala, kesho yake vikaamka vingi zaidi. Nilifukiza mavi ya ng'ombe makavu kama tulivyokuwa tukifukuza mbu, nikafukuza wateja. Na kila nilipoinua macho, mama yuko kibarazani na kopo la maji mkononi. Asubuhi anamwagia. Adhuhuri anamwagia. Alasiri, baada ya swala, anamwagia tena, maji yanajaa hadi ukingoni na kusimama hapo yakimeremeta. Kisha ananyofoa udongo kidogo kwa kidole, anauweka ulimini, anatafuna kwa meno ya mbele, anatema.

"Mama, kwani unakula udongo?"

"Naonja."

"Unaonja nini?"

"Munyu," alisema, yaani chumvi. "Bado haujatoka."

Kuonja udongo si ajabu kwetu. Ozi mtu hafungulii mfereji wake maji kabla ya kuyaonja, na anayesita huonja na udongo wa ukingoni. Maji yakiwa matamu, mlango wa mfereji unafunguliwa na mto unanywesha mpunga. Yakiwa na chumvi, unafungwa na watu wanasubiri. Na shamba likishaguswa na chumvi, dawa yake ni moja: kuliosha kwa maji matamu, mengi, tena na tena. Lakini udongo huu mama aliuchota Garsen, kando ya mto, umbali mkubwa kutoka baharini, akauchanganya na samadi mbichi ya mnadani. Chumvi ingetoka wapi? Nilimwambia. Alinitazama kama mtu anayesubiri redio imalize matangazo, akaenda kuchota maji mengine.

Miche ikaanza kuwa ya manjano. Mmoja uliinama, nikaushika, ukang'oka wenyewe kama uzi kwenye kitambaa kilichooza. Ukafuata wa pili. Ilipobaki minane nikafunga hoteli mchana, jambo nisilolifanya, nikabeba kopo moja hadi kwa mwanamke anayeotesha miche ya kuuza karibu na daraja. Ni Mpokomo wa Wenje, mnene, mkali kuliko mimi, na hana muda wa salamu ndefu. Aliingiza kidole udongoni, akakitoa, akakinusa.

"Dada, hii umeifungia maji kama mfungwa. Shimo liko wapi?"

Kopo la maziwa halina shimo. Likitoboka si kopo.

Alikata kipande cha kiazi, akakilaza juu ya udongo, akanikalisha. Muda wa saa nzima niliwatazama watu wakinunua mipapai. Kisha akakiinua kiazi. Chini yake palikuwa na viwavi wembamba, weupe, wenye vichwa vyeusi, wanajipinda.

"Hao wanaoruka si shida," alisema. "Hao ni wazazi, wanakuja kutaga tu. Shida ni hawa watoto. Wanakula uozo, na wakimaliza uozo wanakula mizizi midogo. Na wewe ndio unawapikia. Samadi mbichi, maji kila saa, hata mimi ningehamia."

Akanieleza bila kupumua. Toboa makopo kwa msumari wa moto, matundu matano. Usimwagie mpaka udongo wa juu ukauke, uingize kidole hadi pingili ya pili usiguse unyevu. Juu weka mchanga mkavu wa mto, unene wa vidole viwili, mdudu asipate pa kutaga. Ukinywesha, weka kopo kwenye sinia la maji linywe kwa chini, kisha uliondoe. Samadi iwe imeoza mpaka haina harufu. Viazi uweke, na kila siku uvitupe motoni pamoja na wageni wake. Kwa wale wanaoruka, kata kipande cha dumu la njano, kipake mafuta ya kupikia, kisimamishe kati ya makopo. Wanapenda njano, wataganda wenyewe. "Na uvumilie," akamaliza. "Wiki nne, tano. Ukimwagia katikati, unaanza upya."

Nilirudi nikafanya yote siku ileile. Nilichoma misumari mekoni, nikatoboa, maji yaliyotoka chini ya makopo yalinuka kama mtaro. Nilipepeta mchanga kwa chekecheo la unga. Viazi vilikuwa tele. Nilikata vile vya chipsi. Mama alikuwa amekaa kwenye kigoda akitazama, hakusema kitu. Nikadhani amekubali. Kunyamaza kwa mama yangu nimeishi nako miaka yote na bado kunanidanganya.

Siku ya tano nilipiga magoti kuweka kiazi kipya, mchanga ukanigandia kidoleni. Ulikuwa umelowa. Nikashika kopo la pili, la tatu. Yote yamelowa chepechepe, na vijidudu vimekaa juu ya mchanga wangu uliopepetwa kama mabibi harusi. Miche mingine mitatu ilikuwa imelala. Mama alikuwa mlangoni na kopo lake la maji mkononi.

Sikujua nina sauti namna ile. Abiria wa basi la Lamu waligeuka wote. Nilimwambia ananiharibia kazi, ananifukuzia wateja, hasikii, hajawahi kusikia. Nilipokosa la kuongeza nikalisema lile nisiloweza kulirudisha.

"Wewe ndiye unayeiua! Hata ule wa nyumbani uliuua wewe, na hii nayo utaimaliza!"

Wallahi sikuwa na maana yoyote. Lilikuwa jiwe la kwanza lililonijia mkononi. Lakini mama alishuka polepole akakaa pale pale kizingitini, kopo la maji likiwa mapajani, na rangi ya uso wake ikabadilika.

"Nani alokwambia?" aliuliza.

Nikasimama na kiazi changu.

"Nani aliniambia nini?"

"Kuwa ni mimi."

Basi akanieleza, pale kizingitini, abiria wakitupita kwenda chooni. Mama yangu ndiye aliyekuwa akionjea watu maji. Nilijua hilo utotoni, kama unavyojua jirani fulani ndiye hodari wa kukoboa mpunga, sikuwahi kulifikiria. Wenye mashamba saba kwenye mfereji wetu hawakufungua mlango mpaka yeye ashuke mtoni, achote kwa kiganja, aonje, aseme. Na mwaka ule alishuka, akaonja, akasema matamu. Wakafungua. Maji yakajaa mashambani, na kabla ya jioni mtu mwingine alikuwa amesimama ndani ya mpunga akipiga kelele kwamba ni chumvi tupu.

"Nliyaonja," mama alisema. "Wallahi nliyaonja mai yale. Kinywani mwangu yalikuwa matamu. Hawakuninena kwa lawama, hata mmoja. Bora wangalininena."

Ndipo nikakumbuka chai. Tangu aje alikuwa akiniambia chai yangu haina sukari, kesho yake ina sukari mno, mchuzi hauna chumvi, na mimi nikamjibu kila mara kwamba kama hapendi, majirani wanapika. Miezi mizima nilibishana na ulimi uliokufa. Nilikuwa na hasira na mama, na vijidudu, na mzee wa mnadani. Sasa hasira hiyo ilinigeukia mimi na kunikaa kifuani, na haijatoka bado.

"Sasa sijui," alisema. "Naonja udongo huu, sijui kama una munyu au hauna. Basi nauosha. Nifanyeje? Nauosha."

Miche ilikuwa imebaki mitano. Alinyanyua kopo lililokuwa karibu naye, akalisogeza miguuni pangu.

"Onja wewe."

Nilifikiria wale viwavi. Nilifikiria samadi ya mnadani na mtaro uliotoka kwenye matundu. Kisha nikasukuma mchanga pembeni, nikachimba kwa ukucha, nikauweka udongo ulimini. Ulikuwa na ladha ya kutu na uozo, na chengachenga zake zilisagika menoni. Mama alinitazama mdomo. Hakunitazama hivyo hata siku nilipojifungua.

"Hauna munyu, mama."

"Hakika?"

"Hakika."

"Onja na hayo mengine."

Nikaonja yote matano. Ndipo akalimwaga lile kopo la maji uani, na kwa mara ya kwanza tangu aje halikuishia kwenye miche.

Ilichukua wiki sita, si tano. Miche miwili ilikufa hata hivyo, mizizi ilikuwa imekwisha. Mzee wa mnadani amerudi, anachungulia kikombe kwanza kwa makusudi ili anikasirishe, na anafanikiwa. Dumu la njano bado linasimama kibarazani, limejaa maiti nyeusi, na kila ninapolipangusa naona raha ambayo si nzuri kwa Muislamu. Bahari nayo bado inapanda Ozi, na hiyo sina dumu la kuitegea.

Midimu mitatu imenifika kiunoni sasa. Imehamia kwenye ndoo zenye matundu, udongo juu mkavu kama unavyotakiwa. Hauhitaji tena kuonjwa. Kidole kinatosha, hata yule mwanamke wa Wenje ataniambia hivyo. Lakini kila asubuhi, kabla sijawasha moto, napiga magoti naonja ndoo moja baada ya nyingine, na mama anasimama mlangoni, mikono mitupu, akingoja niseme.