Siku Pompi Yangu Ilikimbiza Ndoa ya Mudogo Wangu

Basi nakubali mbele, maana Bukavu muzima wanajua: yule maman mwenye alikimbiza ndoa nzima mu kanisa ya Kadutu, ni mimi.

Kosa lilikuwa robe. Asubuhi ya ndoa ya mudogo wangu Nshobole, robe yangu ilikataa kufunga mugongoni, na miye niko mutu wa kujiamini (muulize wanafunzi wenye ninafundisha chimie), nikaamua: sikuli. Kumbe nilikuwa nimeisha kuambia pompi yangu ya ugonjwa wa sukari kama ninakula mikate mbili na uji wa bouillie, na yenyewe, ile mashini ya utii, ikanipa insulini ya mikate mbili na bouillie. Ile pompi kaka yangu alinitumia toka Ulaya: kadude ku mukono kanasoma sukari ya damu, na pompi inaongeza ao inapunguza insulini yenyewe, tena inalia kama sukari imeshuka sana. Mu ile vita, wakati dawa ilikuwa inapita ku mupaka wa Kamanyola ndani ya termosi ya baridi, ile pompi ndiyo ilinishika muzima. Lakini watu sikuwaambia, sikutaka huruma. Robe haikuwa na mufuko, nikaiingiza pompi mu sutienge, pale ku kifua.

Nikapanda ngazi za Kadutu na viatu vya talo, visigino virefu, nikakaa karibu na Maman Cizungu, mama ya bwana-arusi. Padri akaomba dakika moja ya kimya kwa wafu wetu wa vita. Kimya kabisa. Pii! Pii! Pii!

"Iko nini inalia?" Maman Cizungu akaniuliza polepole.

(Mungu anisamehe.) "Sijue, Maman. Kama inatoka mu sakosi yenu ya mukono."

Papa mumoja nyuma akasikia: "Bombe! Iko bombe!"

Siku zile za vita, hakuna mutu alingoja hilo neno lirudiliwe. Tonton wa bwana-arusi akanyakua sakosi, akaitupa ku dirisha, waimbaji wa chorale wakaruka mabenchi, Nshobole akakimbia kumushinda bwana yake, na muzee mumoja akalala chini juu ya wajukuu wake wawili, awafunike na mwili wake. Ile inaniuma mpaka leo. Sakosi iko inje, na kelele ingali mu kifua yangu.

Nilitaka kusema, ulimi ukawa muzito, mikono inatetemeka, naona Maman Cizungu wawili. Haikuwa haya tena, ni sukari ilikuwa inashuka, na mutu anaweza kufa nayo. Nikaingiza mukono mu kifua mbele ya wote, nikainua pompi juu: "Haiko bombe! Ni dawa yangu! Munipe kitu ya sukari!"

Maman Cizungu peke yake hakukimbia (magoti yake ya uzee hayamuachi akimbie). Akapiga kelele waniletee Fanta, akanishikilia chupa ku mudomo mpaka nikaona Maman mumoja tu.

"Mutoto yangu," akasema, "ugonjwa haiko haya. Kunisingizia bombe, ile ndiyo haya."

Watu wakarudi ndani, padri akamaliza ndoa. Miye nilienda kwa yule muzee, nikapiga magoti. Akaniambia watoto walizani ni muchezo, kisha akageuka akapanguza macho.

Tangu pale, fasi yote ninaingia, darasa, kanisa, hata mbele ya askari wa barriere ku barabara, ninaonyesha pompi kwanza na kutaja ugonjwa wangu kwa sauti. Kujiamini ningali nako. Kule kuficha, hapana, sitarudilia tena.