Shemeji Aliyefundisha Watu Kununua Nyumba Alininyang'anya Yangu

Wenye ukurasa huu wa gazeti wameniahidi kuficha jina langu, na mimi nawaamini. Niko mwanamuke wa miaka makumi ine na moja, mujane, mushonaji hapa Kindu, zone ya Kasuku. Niko na watoto watatu na mashini ine za kushona. Ninaandika kwa hasira, sitawadanganya. Nimejaribu kusamehe, moyo umekataa.

Bwana yangu alipokufa, ndugu zake walitutosha ndani ya nyumba, wakatutupa inje, hata arobaini haijafika. Walisema hakuna karatasi yenye jina langu. Nilikaa barabarani juu ya mizigo, mutoto mudogo mugongoni, nikaapa kwamba siku moja nitalala ndani ya nyumba yangu mwenyewe.

Shemeji yangu, bwana wa yaya yangu, ndiye dada yangu mukubwa, anatumika kazi kwenye biro, ofisi moja inayokopesha watu wanaonunua nyumba kwa mara ya kwanza. Kila Jumamosi, salongo ikiisha, ile kazi ya lazima ya kusafisha mutaa, watu wanakusanyika kwenye kiwanja cha shule, jembe zingali mukononi. Vijana wanaimba na kucheza animasyo kwa sifa ya chama, kisha shemeji anasimama na abakosti yake, lile koti la watu wa chama, anafundisha: muangalie parsele, ardhi yenyewe, kwa macho yenu, muulize majirani, musitie sahihi kwa karatasi musiyosoma. Anasema vizuri sana. Wanamupigia makofi. Abakosti ile mimi njo niliishona.

Nikamufuata. "Shemeji, na mimi nataka kukopa."

Akanijibu kwa upole: "Mama, mwanamuke asiye na bwana hawamupe. Tuandike jina langu. Utalipa polepole, ukimaliza tunaenda wote kwa wakubwa wa zone, tunageuza jina. Lakini usiingie ndani mbele deni halijaisha, biro isije ikauliza maswali."

Nilimuamini. Ila juu ya yale yaliyonipata kwa ndugu za marehemu, nilimuomba aniandikie. Akacheka, akapasua ukurasa wa kayee ya masomo ya mutoto wake, akaandika kwa mukono wake kwamba nyumba ni yangu, akatia sahihi. Nafikiri siku ileile aliisahau karatasi hiyo.

Miaka sita nilishona, kila mwezi nikimupa shemeji feza ya deni. Nguo za harusi, unifomu za shule, nguo za wachezaji wa animasyo. Macho yangu yaliharibika juu ya nyumba ile. Nilipomaliza kulipa, nilishona pazia, nikazipeleka kuzipima kwenye madirisha. Mulango ulifunguliwa na mwanamuke kijana, mimba yake kubwa.

"Mama, unatafuta nani?"

"Na wewe ni nani?"

"Mimi njo bibi ya mwenye nyumba." Akataja jina la shemeji yangu.

Nilirudi na pazia zangu kichwani. Nilipomukuta shemeji, hakuona hata haya. "Nyumba gani? Enda kwenye zone uangalie jina lililoandikwa. Wewe ulinisaidia tu, si tuko ndugu?"

Kuna mama mumoja anayepiga mashini ya kuandika kwenye biro yao. Alikuja kwangu kupima nguo, nikamuelezea. Akashangaa: "Nani alikudanganya? Wajane wanakopa kwetu kila mara, wanatia sahihi wenyewe." Hapo njo nilielewa. Hakunikosea siku aliyomuingiza yule mwanamuke. Alinikosea tangu siku ya kwanza, akiniangalia machoni na kuniita mama.

Jumamosi iliyopita nilikwenda mapema, nikakaa mbele kabisa. Alipouliza nani iko na swali, nikasimama, nikamuita vile chama kinataka raia wote waitane. "Sitwayen, kama muntu aliandika kwa mukono wake kwamba nyumba yenye jina lake ni ya mwingine, karatasi hiyo iko na nguvu?"

Alitabasamu, wakubwa wa zone wakimusikiliza. "Iko na nguvu sana. Waamuzi wa tribinali wataikubali."

"Rudia, watu wa nyuma hawakusikia."

Akarudia kwa sauti. Ndipo nikatosha ile karatasi kwenye mukoba, nikaikunjua polepole, nikaisoma kimoyomoyo mbele yake. Nikaikunja, nikakaa. Jasho lilimushuka mpaka kwenye kola. Tangu bwana yangu afe, sijaonja utamu kama ule.

Kesho yake alikuja nyumbani, akapiga magoti, akaweka ufunguo juu ya mashini yangu. "Yule mwanamuke nimemuhamishia ngambo ya mto Lualaba. Nyumba ni yako, jina tutageuza. Ila unipe ile karatasi, na yaya yako asijue." Nilimuambia anipe muda wa kufikiri mpaka mwisho wa mwezi.

Yaya yangu hajui neno. Hajui nyumba, hajui bibi wa pili. Yeye njo aliyenilea mama alipokufa. Juzi alikuja kuniuliza: "Bwana yangu hali chakula. Mulisemezana nini?" Nikamuambia sijui. Nikisoma karatasi ile mbele ya watu, shemeji atafukuzwa kazi, na yaya na watoto wake watano watakula nini? Pengine na mimi nitazunguka tribinalini mpaka nizeeke.

Lakini nikinyamaza, nitakuwa nimepewa kwa siri kitu nilichonunua kwa macho yangu. Na yeye Jumamosi atasimama tena, atapigiwa makofi, na mujane mwingine atamufuata kuomba shauri. Sitaki nyumba tu. Nataka aone haya kama niliyoona mimi mulangoni na pazia kichwani.

Najua anasoma ukurasa huu. Shemeji, ni mimi. Ufunguo ungali pale ulipouweka.

Mama zangu, baba zangu, ndugu zangu, munipe shauri: nichukue ufunguo ninyamaze, ao nisimame kiwanjani nisome? Ninyi mulio na roho ya upole, muandike haraka, maana moyo wangu mimi unataka kusoma.