Ngazi Niliyoivuta Juu

Ipo siku moja naikumbuka, mwanangu, hata harufu yake bado ninayo puani: harufu ya matope ya mikoko jua likiwa utosini. Ulikuwa mwaka wa pili wa vita vya Maji Maji. Mimi nilikuwa kijana ambaye ndevu zilikuwa bado zinajiuliza ziote au zisubiri. Nilikaa juu ya dungu katika shamba la mpunga la shangazi yangu Mwajuma, huku Mbuchi, mto unapoingia baharini, nikifukuza ndege. Dungu unalijua: kibanda kilichoinuliwa juu ya nguzo ndefu, na kukipanda ni kwa ngazi. Ukiivuta ngazi hakuna anayekufikia, si nguruwe, si mtu.

Shangazi alikuwa Mwislamu, kama watu wote wa kwetu. Mimi nilipelekwa Uzaramo nikiwa mdogo, nikasoma misheni madarasa machache, nikabatizwa Yohana, nikarudi na kitabu cha Injili na ndoto nyingi. Nilikwisha hata kuchagua boriti za kujengea kanisa, ingawa waumini tulikuwa mimi na kivuli changu.

Watu waliniita Msomaji, na wakati ule neno hilo halikuwa sifa. Walisema anayejua kuandika anaweza kuandika jina lako akampelekea Mdachi, na Mdachi alikuwa akinyonga. Nikipita, mazungumzo yanakatika. Nami nikawashuku wao vilevile. Mtu akinisalimu kwa furaha, najiuliza anataka nini. Akininyamazia, najiuliza amepanga nini. Hata kikohozi cha jirani nilikipima. Nilikuwa naogopa tu, lakini mwenyewe nikijiambia kuwa ndiyo akili.

Basi siku hiyo nikasikia mpunga ukisukumwa. Akatokea Athumani, kijana wa kijiji chetu, aliyekunywa yale maji ya dawa ya kuzuia risasi akaenda vitani huko kwenye vilima vya Umatumbi. Katika wote walionitania, yeye ndiye aliyekuwa fundi wao. Paja lake lilikuwa limefungwa kaniki iliyokaukia damu, midomo imepasuka. Nilipomtambua, kabla hajasema neno, nikaivuta ngazi juu.

"Msomaji," akaita. "Nipe maji."

Unajua vijito vya huku: bahari ikijaa, vyote vinakuwa chumvi. Mtu aweza kuuawa na kiu huku amesimama majini. Maji matamu yalikuwa kwenye mtungi wangu, kule juu.

Nilikuwa na sababu, tena nyingi. Huenda ametumwa kuniua. Huenda lile jeraha ni la uongo. Huenda askari wanamfuata, wakimkuta kwangu watatunyonga wote wawili.

"Waogopa nini?" akauliza, akajaribu kucheka. "Sitamwiba Mungu wako. Sina pa kumweka."

"Nani amekutuma?"

"Kiu."

"Na wenzako wako wapi?"

"Wenzangu wamekufa, Yohana."

Hakuwahi kuniita jina hilo hata siku moja. Badala ya kulainika nikazidi kushuku: leo ananiita Yohana kwa nini?

Akaegemea nguzo. "Basi nisomee. Hicho kitabu chako kinasemaje juu ya mtu mwenye kiu?"

Na hapo, mwanangu, ndipo ninapoona haya hadi leo. Nilijua. Nilijua na ukurasa. Nikafungua Injili, nikamsomea maneno ya Bwana kwamba anayemnywesha mwenye kiu amemnywesha Yeye mwenyewe. Nikasoma kwa madaha, nikitua kwenye vituo kama tulivyofundishwa, hata nikapendezwa na sauti yangu. Kisha nikafunga kitabu. Ngazi ikabaki juu.

Athumani akaiachia ile nguzo. "Unasoma vizuri," akasema. Akageuka, akaenda zake akiburuta mguu kuelekea mikokoni.

Alasiri shangazi akafika na mtumbwi. Akaona damu kwenye nguzo.

"Athumani yuko wapi?"

Nikashtuka. "Umejuaje kama alikuja?"

"Mimi ndiye niliyemwelekeza. Nilimkuta asubuhi kule mkondoni, nami sina hata kata ya maji mtumbwini. Kijijini hakuendeki, askari wamejaa. Nikamwambia, nenda kwa Yohana wetu. Yule dini yake haimruhusu kumnyima mtu."

Nikamweleza shaka zangu zote. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa.

"Wale waliokunywa maji ya dawa," akasema, "walikatazwa kuchukua cha mtu. Juzi wamepita hapa wana njaa, hawakuvunja hata suke moja la mpunga huu. Na maji yao yalikuwa ya uongo, risasi zimewala. Wewe maji yako ya ubatizo unasema ni ya kweli. Mbona wao walitii?"

Nikachota maji mtungini, nikateremsha ngazi. Nikashuka na kibuyu. Nilimkuta Athumani amelala ubavu kwenye mizizi ya mikoko, nzi wamemjaa. Nikamwinua kichwa. Akafumbua macho, akafumba mdomo.

"Kunywa wewe kwanza," akasema.

Alikuwa na haki ya kunishuku. Nikanywa. Akalitazama koo langu mpaka likameza, ndipo akanywa, akakimaliza kibuyu. Tulimbeba mimi na shangazi, nikampandisha dunguni mgongoni mwangu. Alifariki kesho yake kabla ya adhuhuri. Shangazi alisema ni jeraha. Labda. Lakini mimi ndiye ninayejua jua la siku ile lilivyowaka, na muda aliokaa nalo. Hakika yake sitaipata, na sijaacha kuuliza.

Mwanangu, nimesikia umeikariri katekisimu yote, na nyimbo unaziimba kuwashinda wenzako. Nafurahi, sikudanganyi. Matendo hayatununulii mbingu, hilo mwalimu wako amekufundisha sawa. Lakini kama Kristo ni Bwana wako kweli, itaonekana siku atakapokuagiza jambo usilolipenda, kwa mtu usiyemwamini. Wabaya wapo duniani, sikukatazi kuwa macho. Ila anza kuishuku ile imani yako inayoijua amri na bado imekaa palepale. Wala usingoje woga uishe ndipo utii. Mimi nilipoteremka na kibuyu bado nilikuwa naogopa, na Bwana hakuwahi kuniambia nitulie kwanza. Aliniambia nimpe mwenye kiu maji, basi.

Mungu akupe masikio yanayosikia na miguu isiyochelewa. Akukinge na ubaya wa watu. Na zaidi ya hayo akukinge na yule kijana niliyekuwa mimi siku ile, asije akapata makao ndani yako. Amina.