Barua Iliyofutwa Kabla ya Kufunguka

Mimi ni mtu wa kuwaka upesi. Bibi yangu wa Nachingwea alikuwa akisema nilizaliwa na pilipili mdomoni, na tangu nihamie Ruangwa kufungua duka la kuchapa na kutoa kopi, kompyuta zimeniongezea nyingine. Siku ninayoisimulia hapa, mdomo huo nusura umkoseshe mtoto wa watu chuo.

Walikuja asubuhi, baba na binti yake, kutoka Chinongwe. Baba alikuwa mfugaji, mmoja wa wale waliohamia kwetu na ng'ombe wao kutoka kanda ya ziwa miaka ya karibuni. Mrefu, mpole, fimbo kwapani. Binti alikuwa amechaguliwa kusomea uuguzi. Barua ya nafasi ilikuwa imefika kwa mwalimu wake, naye akaituma kwenye barua pepe ya duka langu niichape. Pamoja nayo kulikuwa na fomu ya kukubali nafasi: binti asaini, baba asaini, mimi niiskani niirudishe chuoni kabla ya saa kumi jioni ile ile. Isipofika, nafasi anapewa mwingine. Wao wenyewe walikuwa na simu ya tochi tu, kwa hiyo hakuna kati yao aliyekuwa ameiona barua kwa macho yake.

Nikabonyeza kiambatisho. Kompyuta yangu, niliyoinunua ikiwa imeshatumikia wengine mpaka ikachoka, ikazungusha kile kiduara chake weee, halafu ikaniambia faili halipo, limefutwa. Nikabonyeza tena. Limefutwa. Nikampigia mwalimu atume upya, akatuma, nikafungua, limefutwa. Jina la kiambatisho naliona pale, nikiligusa hakuna kitu. Nyuma yao foleni ya watu wa kopi za vitambulisho inaguna, jasho linanitoka, na baba wa watu kasimama ananitazama kama anayesubiri majibu ya daktari.

"Mzee, imefutwa," nikamwambia.

"Imefutwa na nani, mama?"

"Nitajuaje? Huko huko chuoni. Mimi hapa imenifikia ikiwa imeshafutwa."

Nilisema kwa sauti ya kumfukuza mtu, nakiri. Hakubisha. Alimtazama binti yake, binti akatazama sakafu. Akasema, "Haya mama, asante kwa kuhangaika," wakatoka. Nikaendelea na kopi zangu.

Ilipita kama saa nzima ndipo lile neno likanirudia. Mimi niliposema imefutwa nilikuwa na maana ya faili. Sisi watu wa mashine tunafuta kutwa, kufuta kwetu si kitu. Lakini mfugaji aliyejifunza Kiswahili sokoni, ukimwambia barua ya mwanao imefutwa, tena na chuo chenyewe, atasikia nini? Hata mwalimu wa Kiswahili angesikia vile vile. Nafasi imefutwa. Mdomo uliponza kichwa, wanasema, lakini siku hiyo mdomo ulikuwa wangu na kichwa cha mtoto wa mwenzangu.

Nikampigia fundi wa Nachingwea aliyeniuzia ile kompyuta, ambaye jioni iliyotangulia alikuwa ameniwekea programu mpya ya barua pepe. Nilianza kwa kumfokea. Akaniacha nimalize, kisha akauliza, "Dada, ukibonyeza kiambatisho, kinachukua muda gani kufunguka?"

"Unaweza kwenda kununua vitumbua ukarudi."

Akacheka mpaka nikataka kukata simu. Kumbe ile programu, ukifungua kiambatisho, inatengeneza nakala ya muda, inaikabidhi kwa programu ya kusomea, inasubiri kidogo, kisha inaifuta ikidhani umeshaifungua. Kwenye mashine yenye afya hakuna shida. Kwenye yangu, programu ya kusomea ilikuwa bado inajinyoosha kitandani. Ni kama yule mhudumu wa shughuli anayekuondolea sahani hata mikono hujanawa.

"Si ungehifadhi kwanza ndipo ufungue?" fundi akauliza.

Hapo ndipo aibu iliponikamata. Ukutani nimebandika tangazo nililoliandika kwa mkono wangu: hatuhifadhi nyaraka za wateja. Nililiweka baada ya barua ya mtu kusomwa na asiyehusika humo humo dukani, na huwa najivunia. Mimi nafungua, nachapa, nafunga, basi. Wazo la kuhifadhi halikunipitia hata kwa bahati mbaya.

Nikahifadhi. Nikafungua. Barua hiyo ikatokea, jina la binti kwa herufi kubwa, na chini yake "tunafurahi kukujulisha". Nililia kidogo, sioni haya kusema. Ilikuwa saa saba kasoro.

Nikawatoa watu nje, nikafunga duka. Wakanisema sana, nikawaambia waseme kwa sauti nisikie njiani. Nikapanda bodaboda mpaka stendi, nikauliza gari la Chinongwe, nikaambiwa bado halijajaza. Hawakuwepo. Nikaingia sokoni nikiulizia mtu mrefu mwenye fimbo, na wenye fimbo siku hiyo walikuwa wengi kweli. Nikawakuta kwa muuza zana za kilimo. Binti alikuwa ameshika jembe jipya, wameshalilipia, halijatiwa mpini.

"Ipo," nikasema. Pumzi zilikuwa zimeniishia. "Barua ipo. Twendeni."

Tulirudi watatu karibu mbio. Nikachapa, binti akasaini, baba akasaini taratibu herufi moja moja, nikaiskani, nikaituma. Kisha tukakaa kusubiri, nami nikasahau hata kufungua mlango kwa wateja. Saa tisa likaja jibu: fomu imepokelewa, karibu chuoni. Mzee akaniomba nimsomee. Nikamsomea. Akaniomba nirudie, nikarudia, na mara ya tatu nilirudia bila kuombwa kwa sababu na mimi nilitaka kusikia. Kifua kilinifunguka, nikahisi njaa ghafla.

Ningeweza kunyamaza. Mzee alishaanza kuniombea baraka kwa kumrudishia mwanawe nafasi, na baraka ni tamu. Lakini nilishindwa.

"Mzee, sikukwambia sawasawa. Chuo hakikufuta kitu. Ilifutwa humu kwenye mashine yangu tu. Nafasi ya mwanao haikuguswa na mtu. Nisamehe."

Nilisubiri anikaripie, mimi ningekaripia. Alifikiri kwanza.

"Kwa hiyo tangu asubuhi alikuwa nayo?"

"Alikuwa nayo."

Akamgeukia binti. "Na mimi kule sokoni nikakwambia uzoee jembe."

"Ulisema nizoee," binti akajibu polepole, "na nilikuwa nimeshaanza kuzoea, baba."

Mzee alilichukua lile jembe mkononi mwa binti, akalibeba mwenyewe mpaka stendi.