Bati la Baba

Juzi, katika ukumbi mmoja wa Nyeri, nilimwona fundi wa sauti akibonyeza kitufe na bunduki zikalia. Hakuna aliyeshtuka.

Baba yangu alikuwa na bati na ubao tu. Alasiri moja ya utotoni mwangu huko Ruring'u, kikundi chake kilipoigiza vita vya msituni vya kupigania uhuru, madirisha yalizibwa kwa blanketi, na baba akafunga karatasi nyekundu za peremende kwenye balbu ili nyumba za jukwaani zionekane zikiwaka. Karatasi zilianza kunuka kuungua. Kisha, nyuma ya pazia, akalipiga lile bati.

Cucu, mama yake baba, alinivuta chini ya benchi akaniziba mdomo. Kiganja chake kilinuka moshi na ugoro.

"Nyamaza, mtoto. Watatusikia."

Nilidhani ananifunza adabu za ukumbini, kwamba waigizaji hawasumbuliwi. Nikanyamaza, ingawa nilikuwa nakosa pumzi.

Baba alipochungulia akatuona sakafuni, alitupa ubao akaja mbio.

"Mama, muachilie huyu," alisema. "Huyu muachilie."

Nilikuwa mtu mzima nilipoambiwa kwamba baba aliwahi kuwa na dada mchanga. Askari walipopita karibu na maficho yao, Cucu alimziba mdomo vile vile. Walipokwisha kupita, mtoto hakulia tena.