Majina ya Bamia

Leo nimevunja ncha ya bamia jikoni, ikalia tak, na hapo hapo nikamwona mama akiuza bamia sokoni Nachingwea, nami mtoto kando yake, enzi zile wazungu wa mradi wa karanga walipojaa. Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza. Bibi, mama mkwe wake, alimwambia alfajiri: "Utarudi nazo zimesinyaa. Utawaambia nini watu usiojua lugha yao?"

Mwarabu wa duka alisema bamia. Mhindi fundi cherehani akasema bindi. Mke wa mzungu mmoja akaeleza kwamba kwao ni vidole vya kina mama. Mama aliyameza majina yote. Mhindi mwingine alipotokea, mama alimnadia bindi kwa sauti! Mzungu mwingine alipopita, mama aliinua bamia sambamba na kidole chake, kisha akaivunja ncha, tak, aone ilivyo changa. Walicheka, wakanunua.

Tulirudi mama amevaa kikapu kitupu kichwani kama kofia, akiyaimba majina yale njia nzima. Bibi alisimama mlangoni, akakitazama kikapu.

"Haya, hiyo mboga inaitwaje hasa?"

"Inategemea nani ana njaa, mama," alijibu, akampita, akaingia ndani.